Kati ya Goti la Tatu na la Nne

Devota alikuwa ameinua kifuniko cha birika la ubatizo, kitambaa chake kimelowa mkononi, aliposikia kitu kikigonga ukuta kwa nje. Ko. Kisha tena, ko. Vumbi jembamba la chokaa likashuka kutoka juu ya dirisha, likabaki linaelea kwenye mwanga wa asubuhi kana kwamba halijui pa kutua.

Kila siku alianzia hapo penye birika. Kwa miaka ishirini mkono wake ulikuwa umelizunguka jiwe lile kutoka kulia kwenda kushoto, hadi ukingo wake ukawa laini kama sikio la mtoto. Kutoka birikani alikwenda kwenye mabenchi, kutoka mabenchini kwenye mimbari, na mwisho kabisa kwenye ule mlango mdogo wa kaskazini, ambao aliufuta vumbi bila kuufungua. Leo hakufika hata benchi la kwanza. Sauti ilitoka upande wa kaskazini.

Alizunguka kanisa kwa nje, kitambaa bado kinadondosha maji. Ngazi ilikuwa imeegemezwa upenuni. Juu yake alisimama Ignas, fundi bati wa Rusimbi, penseli sikioni, akigonga boriti kwa mpini wa nyundo kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa.

"Mwakeye, Mama Dotto! Shikamoo."

"Marahaba. Unatafuta nini huko juu?"

"Pa kufungia gata. Kamati imeshapitisha. Paa kubwa hivi, mama, maji yote yanamwagika bure tangu enzi za Mjerumani!"

"Aliyelijenga hakuwa Mjerumani. Alikuwa Mwingereza."

"Basi yamemwagika kwa Kiingereza," Ignas akacheka peke yake. "Kuanzia wiki ijayo huhangaiki tena na ndoo. Tangi lile pale, unafungua bomba tu."

Alielekeza chini kwa nyundo. Devota akatazama. Kati ya nguzo mbili za ukutani, goti la tatu na goti la nne la kanisa kama watu walivyoziita, hatua mbili kutoka mlango mdogo, vigingi vinne vilikuwa vimepigwa ardhini na kuzungushiwa kamba ya buluu. Ndani ya kamba kulikuwa na majani membamba ya yale maua meupe yanayochanua siku ya pili baada ya mvua.

"Kesho mchana nachimba msingi wa tangi," Ignas alisema. "Nataka niiwahi mvua."

Devota aliinama kutazama majani yale. Ndani ya kamba ile ya buluu, kina cha mkono mmoja kwenda chini, ndani ya kitenge chenye ndege wa manjano, alilala mtoto wake wa kwanza.

*

Watu wa Bangwe walimwita Mama Dotto, na katika jina hilo nusu ya habari ilikuwa wazi siku zote. Dotto ni pacha anayefuata. Hakuna Dotto asiyetanguliwa na Kulwa. Mara chache mtu alikumbuka kuuliza, "Na Kulwa wako yuko wapi? Mbona hatumwoni?" Devota alijibu neno moja, "Yupo." Watu wakadhani yupo Kagunga kwa bibi yake, wakaendelea na mengine. Hakuwa amesema uongo hata siku moja.

Alitoka Kagunga kwa boti akiwa na mimba ya miezi minane na maumivu yaliyoanza kabla ya wakati wake. Boti ilitua Bangwe na haikuwezekana kufika mbali zaidi. Walimwingiza kwa Mwanvua, mkunga aliyevuka ziwa miaka mingi nyuma kutoka ng'ambo ya Kongo, na kwenye mkeka wa Mwanvua Kulwa akatangulia. Hakulia. Kisha akaja Dotto, msichana mdogo kama kiganja, akalia kwa niaba ya wote wawili.

Wazee wa kanisa wa wakati ule walikuwa na kanuni yao, nao waliisema bila ukali: asiyebatizwa hana ibada, na uwanjani hazikwi. Baba yake watoto, Eliakimu, alikuwa bado Kagunga na nyavu zake.

"Kwa bibi yangu, ng'ambo," Mwanvua alisema, "mtoto asiyelia hapelekwi makaburini na wanaume. Wanawake humlaza upenuni mwa nyumba ya mama yake. Mvua ikinyesha, mama yuko ndani, anasikia mwanawe anaogeshwa." Akamtazama Devota. "Lakini wewe huku huna nyumba."

Aliyejibu alikuwa Mzee Alphonce, mfagiaji wa kanisa, aliyekuwa amepita kuomba moto. "Nyumba ipo," alisema.

Mzee Alphonce katika ujana wake alichanganya chokaa ya kanisa lile. Alimfahamu kasisi aliyelijenga, Mwingereza mrefu ambaye watu walimwita Bwana Nakumbuka. Kijijini kwa Mwingereza huyo kulikuwa na kanisa la mawe lenye umri wa miaka mia saba, alimobatizwa yeye na babu wa babu zake, naye alilitamani kama mgonjwa anavyotamani maji. Basi akalijenga upya juu ya kilima cha Bangwe, bila ramani, kwa kichwa tu. Alisimama mbele ya waashi wa Ujiji, akafumba macho, akasema, "Nakumbuka hapa palikuwa na tao." Waashi wakajenga tao.

Ndiyo maana kuta zilikuwa nene namna ile, na madirisha membamba yenye ncha juu kama viganja viwili vilivyokutana kwa sala. Paa la vigae lilikuwa kali mno, paa la kumwagia theluji, katika nchi ambayo theluji haijawahi kuisikia. Ubavuni mwa madhabahu kulikuwa na kishubaka ukutani chenye tundu katikati. Maji ya kusuuzia kikombe kitakatifu yalimiminwa humo yakaenda moja kwa moja udongoni, yasichanganyike na maji ya kuoshea miguu. Upande wa kaskazini palikuwa na ule mlango mdogo, ambao ulifunguliwa siku ya ubatizo tu, ili ubaya upate pa kutokea. Na kwa nje, kila upande, nguzo tano fupi na nene ziliegemea ukuta. Bwana Nakumbuka alikuwa na jina lake la Kiingereza kwa nguzo hizo, jina lililowashinda watu wote kulitamka. Waashi walitazama, wakaona kanisa limepiga magoti. Wakaziita magoti.

Kwenye ncha za mabenchi aliagiza wachongwe wanyama wa kwao. Mchongaji, ambaye hakuwahi kuwaona, alichonga samaki wa ziwani, migebuka na kuhe, na kiboko mmoja. Mzee Alphonce alisema Mwingereza alipowaona alilia, na mpaka leo hakuna ajuaye kama ilikuwa furaha au uchungu.

Kitu kimoja alikikataa kabisa: gata. Fundi alipouliza maji ya paa yaende wapi, alisema yaanguke. Kijijini kwao, zamani za kale, akina mama ambao watoto wao walikufa kabla ya ubatizo waliwaficha chini ya upenu wa kanisa. Maji yaliyopita juu ya paa la nyumba ya Mungu yaliwadondokea. "Mvua ndiyo ilikuwa kasisi wao," Mzee Alphonce alisema.

Hivyo mila ya bibi wa Mwanvua na mila ya kijiji kisichojulikana cha Uingereza zikakutana kati ya goti la tatu na la nne. Ilikuwa adhuhuri, mvua kubwa, watu wote wamejifungia ndani. Mwanvua alichimba. Devota alikaa kwenye kizingiti cha mlango mdogo na Dotto kifuani, akatazama matone yakidondoka kutoka kwenye vigae, moja baada ya jingine, kwa utaratibu, kama mtu anayehesabu watoto wake. Mzee Alphonce alisimama kwa ndani ameshika ufunguo, mgongo wake umewageukia.

Eliakimu alifika siku ya tatu. Akamkuta mtoto mmoja, akambeba, akanyamaza. Hakuuliza, na Devota hakusema, na miaka kumi baadaye Eliakimu akafa wakiwa bado wamenyamaza hivyo. Mzee Alphonce alipochoka, ufagio ulipita kwa Devota bila mtu kuuliza kwa nini anautaka.

Dotto alibatizwa katika birika lile. Mlango mdogo ulifunguliwa ili ubaya utoke, lakini Devota hakuwa akiwaza ubaya. Alikuwa akiwaza hatua mbili tu, kutoka kizingiti hadi pale, na kwamba mlango ukiwa wazi, mtu aliyelala nje anasikia kila neno.

*

Mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotua, Scola alikuwa amekaa nyuma ya karai lake la mawese akigeuza migebuka. Scola ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na sauti yake ilifika kwenye boti kabla ya wimbi.

"Karibu, Mama Dotto! Umekuja kunishukuru kwa tangi?"

"Dada Scola," Devota alisema. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. "Pale mlipopiga vigingi. Pasichimbwe."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Pana maji maji."

"We Devota! Tunachimba kwa ajili ya maji, halafu unatukataza kwa sababu pana maji?" Wanawake wa karai la pili na la tatu wakaangua kicheko. "Semeni kweli, huyu anaogopa gata litamnyang'anya ndoo zake. Mvua ikianza tu, anazipanga ukuta mzima kama anapanga kwaya!"

"Na huwa anaacha pengo," mmoja akadakia. "Nimemwona. Ndoo, ndoo, ndoo, halafu pengo, halafu ndoo."

"Pengo la nini, Mama Dotto?"

Walikuwa wanatania tu, macho yao mazuri, mikono imejaa magamba. Lakini mwingine akasema kwa utani uleule, "Au kuna kitu umekifukia pale?" na kicheko kikapungua nguvu kidogo. Devota alijua kicheko kinapopungua hivyo kinaelekea wapi. Mtu aliyefukia kitu ukutani mwa kanisa ana jina moja tu, na jina hilo likishatajwa mwaloni, hata mvua hailioshi.

"Sijafukia kitu," alisema. Na hilo pia halikuwa uongo. Kulwa hakuwa kitu.

Alipanda kilima polepole. Mchungaji Castory alikuwa kwenye chumba cha mavazi ya ibada, amepiga magoti mbele ya kipaza sauti kipya, nyaya zimemzunguka kama mtego wa samaki. Alikuwa kijana, mwaka wake wa kwanza Bangwe, mpole, mwenye haraka.

"Moja, mbili. Moja. Karibu, Mama Dotto. Nishikie huu waya. Moja, mbili."

Devota aliushika waya. Akatazama ukuta. Akakusanya pumzi yake yote, na ilikuwa ndogo.

"Mchungaji. Pale wanapotaka kuchimba, pana mtu."

Kipaza sauti kikapiga mluzi. Mchungaji akaziba sikio moja, akapunguza kitu fulani nyuma ya boksi.

"Pana mti?"

Devota alifungua kinywa. Neno lake lilikuwa pale pale, lakini mbele yake limesimama hili jingine, jepesi, lisilo na hatia, neno lenye kivuli na matunda.

"Ah, yale maua yako!" Mchungaji akatabasamu. "Nimeyaona. Usijali, mama. Sipendi kuua kilicho hai. Nitamwambia Ignas auhamishe na udongo wake wote, taratibu, aupande mbele penye jua. Sawa?"

"Asante, Mchungaji," Devota alisema.

Akatoka. Herufi moja tu ilikuwa imedondoka kati ya kinywa chake na sikio la mchungaji, na ndani ya herufi hiyo alikuwamo mtoto mzima.

*

Jioni ile alikwenda kwa Mwanvua. Macho ya bibi yule yalikuwa yameingia ukungu, lakini alimtambua Devota kwa hatua.

"Wanachimba," Devota alisema.

"Nimesikia. Bangwe hakuna siri zaidi ya ile yetu." Mwanvua alipapasa akapata mkono wake. "Umewaambia?"

"Nimesema. Hawakusikia."

"Ulisemaje?"

Devota alirudia, vilevile alivyosema.

"Mimi nina masikio ya kipofu na sijasikia," bibi alisema. "Sikiliza, mwanangu. Mimi ni Mwislamu. Kanisa lile si langu la kulisemea, na mtoto si wangu. Nilichimba kwa sababu uliniomba, na nimefunga mdomo kwa sababu uliniomba. Ila jambo moja limenikaa siku zote. Mtoto anatoka, mtoto halii. Basi mama hulia. Siku ile nilingoja. Nimesimama na jembe, mvua inanipiga, nasubiri wewe ulie. Hukulia. Mmoja kati yenu ilibidi atoe sauti, Devota."

Nje, ziwa lilikuwa limetulia kama sahani. Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa imepotea, na mahali ilipokuwa palisimama wingu.

*

Kesho yake mchana wingu lilikuwa limevuka nusu ya ziwa. Devota alikuwa ndani ya kanisa. Alikuwa amesugua birika mara tatu. Alisikia kwa nje beleshi likiburutwa juu ya mawe, kisha sauti ya Ignas, kisha ya Scola aliyekuja kukagua, kisha ya mchungaji.

"Mchungaji, mti wenyewe uko wapi? Mimi naona majani ya vitunguu."

"Ni maua hayo, Ignas. Ndiyo mti wa Mama Dotto. Chimba kwa kuzunguka, uingie chini kabisa, uutoe na udongo wake."

"Haya. Kwa heshima zote."

Devota aliinua macho. Juu yake boriti za paa zilikuwa zimekaa kama mbavu za mtumbwi uliopinduliwa, na kwa mara ya kwanza aliwaza kwamba mtumbwi ukipinduliwa, wote waliomo huwa chini yake, wa ndani na wa nje, walioandikwa na wasioandikwa. Kiboko wa benchi la nyuma alimtazama kwa jicho lake moja lililochongwa vizuri.

Dotto alipokuwa na miaka minne, mitano, alimsubiri mama yake amalize kufagia. Uwanja wote ulikuwa wake. Lakini kila Devota alipotoka kumtafuta, alimkuta amelala pale pale, kati ya goti la tatu na la nne, shavu lake juu ya ardhi, mkono umenyooshwa kana kwamba mtu ameushika. "Kwa nini unalala hapa, mwanangu?" Na Dotto alijibu, usingizi ungali machoni, "Hapa pana joto."

Tone la kwanza lilipiga kigae. Kisha la pili, mbali kidogo. Kisha paa lote likaanza kunong'ona.

"Fanya haraka, Ignas, inakuja!" Scola alipiga kelele.

Beleshi likaingia ardhini. Sauti yake ilipita ukutani, ukuta mnene namna ile, ikafika.

Devota hakuzunguka kwa mlango mkubwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango mdogo wa kaskazini, akashika komeo la chuma ambalo yeye mwenyewe alilipaka mafuta kila mwezi, akalivuta. Haikuwa siku ya ubatizo. Mlango ulifunguka bila kulalamika, na harufu ya mvua mbichi ikaingia kanisani.

Watatu wale waligeuka. Ignas alikuwa na mguu mmoja juu ya beleshi. Kutoka kwenye vigae maji yalikuwa yameanza kudondoka, mstari mmoja kutoka goti hadi goti, kila tone kwenye kishimo chake, na mbele ya beleshi majani membamba yalikuwa yanainama na kuinuka, yanainama na kuinuka.

"Mama Dotto, utalowa," mchungaji alisema.

Alishuka kizingiti. Hatua moja. Ya pili. Alisimama ndani ya kamba ya buluu, chini kabisa ya upenu, na maji ya paa yakampiga utosini, yakateremka usoni, yakaingia ndani ya kanga. Aliweka mkono wake juu ya mpini wa beleshi, chini kidogo ya mkono wa Ignas.

"Toa mguu, baba."

Ignas akautoa.

"Mchungaji, jana hukunisikia vizuri." Mvua ilikuwa imekuwa kubwa sasa, na ilibidi apaze sauti, na sauti ikaja kutoka mahali asipopajua, pana, nzito, sauti ya mwanamke aliyeko kwenye mkeka. Kule chini mwaloni watu waliokuwa wanafunika dagaa zao waliinua vichwa. "Sikusema mti."

Scola alikuwa amekwisha kuziba mdomo wake kwa viganja viwili. Alikuwa amemwita mwanamke yule Mama Dotto kwa miaka ishirini na miwili.

"Nilisema mtu," Devota alisema. "Hapa pana mtu. Ni Kulwa wangu, hakulia, hakubatizwa. Mwacheni anyeshewe."